Mwongozaji Asiyeshika Penseli

Isao Takahata aliongoza katuni kwa karibu nusu karne, na hakuwa mchoraji. Watu ninaowasimulia habari zake hushangaa, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba mwenye katuni ni yule anayeichora. Takahata alisomea fasihi ya Kifaransa chuoni. Wachoraji waliofanya naye kazi walipokea kwake maelezo, maswali na masahihisho yasiyokwisha, halafu wao ndio walioshika penseli. Hata hivyo ukitazama filamu zake tatu mfululizo, hata kama kila moja imechorwa kwa mtindo wake, utajua zimetoka kwa mtu mmoja.

Mimi kazi yangu ni kuongoza michezo ya redio hapa Dar es Salaam. Hatuna picha. Tuna sauti za waigizaji, tuna kimya, tuna mlango unaofunguliwa na sufuria inayowekwa chini. Nadhani ndiyo maana Takahata alinivuta kuliko waongozaji wengine wote wa Japani. Katika filamu zake bora, sauti ya mtu ilirekodiwa kwanza, uso ukachorwa baadaye kuifuata. Naamini yeye ni miongoni mwa wasanii wakubwa wa sinema, wa katuni na wasio wa katuni, na nataka nieleze kwa nini.

Mtoto wa Okayama

Alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1935 katika mji wa Ujiyamada, ambao leo unaitwa Ise, mkoani Mie. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto saba, na baba yake alikuwa mwalimu mkuu. Familia ilihamia Okayama, na huko vita vikawakuta. Tarehe 29 Juni 1945, kabla ya mapambazuko, ndege za Marekani ziliumwagia mji huo mabomu ya moto. Zaidi ya watu 1,700 walikufa. Takahata, mtoto wa miaka 9, alikimbia peku na nguo za kulalia, yeye na dada yake, wakapoteana na wazazi. Ilichukua siku mbili kuonana nao tena. Kwa miaka mingi hakupenda kuyasimulia hayo mbele za watu. Alipokuwa mzee ndipo alipoanza kusema, tena kwa msisitizo, akiwataka Wajapani wasiguse kifungu cha 9 cha katiba yao, kinachokataza nchi kuingia vitani.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Tokyo, akahitimu mwaka 1959. Akiwa mwanafunzi aliona katuni ya Kifaransa iliyoongozwa na Paul Grimault, na maneno yake kuandikwa na mshairi Jacques Prévert. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba katuni inaweza kubeba fikra za mtu mzima. Mwaka huohuo wa kuhitimu aliajiriwa na kampuni ya Toei Doga ya Tokyo, iliyoanzishwa 1956 kwa nia ya kutengeneza katuni ndefu zenye rangi kama zile za Disney. Aliingia kama mwongozaji msaidizi. Wenzake walimwita Paku-san. Inasemekana jina lilitokana na tabia yake ya kufika kazini akiwa amechelewa na kula mkate wake harakaharaka.

Filamu iliyomtoa katika uongozi

Toei Doga ilikuwa na chama cha wafanyakazi chenye nguvu, na Takahata alikuwa mmoja wa viongozi wake. Humo ndimo alimozoeana na kijana mchoraji aliyeingia kampuni mwaka 1963, Hayao Miyazaki, ambaye baadaye dunia nzima ingemjua. Walibishana kuhusu mishahara, saa za kazi na zamu za usiku. Walibishana pia kuhusu sanaa: kwa nini wachoraji watumie nguvu zao zote kwenye visa ambavyo wao wenyewe hawaviamini?

Mwaka 1965 mchoraji mwandamizi Yasuo Otsuka alipewa jukumu la kusimamia uchoraji wa filamu mpya. Akasisitiza kwamba mwongozaji awe Takahata. Filamu hiyo ni ya Horusu, mvulana wa nchi za kaskazini anayekwenda kuishi na wanakijiji wanaosumbuliwa na pepo la barafu. Kwa muhtasari huo ni hadithi ya watoto. Lakini katikati yake yumo Hilda, msichana mwenye sauti nzuri ambaye anawapenda wanakijiji na papo hapo anatumwa kuwaangamiza. Hakuna aliyekuwa amezoea kuona msichana wa katuni akitabasamu huku moyo wake ukimkataza. Mchoraji Yasuji Mori, mkongwe wa kampuni, ndiye aliyeutoa uso huo kwenye karatasi.

Kazi ilipita muda uliopangwa, ikapita bajeti, uongozi ukaisimamisha kwa kipindi, ikaanza tena. Hata leo ukiitazama utaona mapigano mawili ambayo hayatembei, ni picha zilizosimama zinazofuatana. Hapo ndipo fedha zilipokwisha. Ilitoka Julai 1968, ikaonyeshwa kwa muda mfupi, na haikurudisha gharama. Takahata hakupewa tena filamu ya kuongoza katika kampuni hiyo. Wataalamu wa Japani leo huihesabu filamu hiyo kuwa mlango wa katuni za kisasa za nchi hiyo. Faraja hiyo ilimfika mwongozaji wake baada ya miaka mingi.

Mlima, mbuzi na jibini

Mwaka 1971 aliondoka Toei Doga pamoja na Miyazaki na Yoichi Kotabe. Mwaka 1974 watatu hao walitoa tamthilia ya televisheni iliyoingia majumbani duniani kote: Heidi, yule yatima anayelelewa na babu yake katika milima ya Uswisi. Ilikuwa na vipindi 52, kimoja kila Jumapili.

Hapa inafaa kueleza kazi yenyewe inavyofanyika. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Katuni za televisheni za Japani, kwa kubana matumizi, mara nyingi hutumia mchoro mmoja kwa picha tatu, kwa hiyo sekunde moja hupata michoro minane tu. Nusu saa kwa wiki, kwa bajeti hiyo, ndiyo sababu katuni nyingi za zama hizo zilijaa mapigano na kelele: msisimko huficha michoro iliyopungua. Takahata aliamua kufanya kinyume. Msichana atakula mkate wenye jibini iliyoyeyushwa motoni. Atalala juu ya majani makavu. Atakwenda malishoni na mbuzi, na hilo litatosha kujaza kipindi.

Ili liwezekane, mwaka 1973 walisafiri Uswisi kuitazama milima yenyewe na nyumba zake. Halafu wakagawana kazi kwa utaratibu ambao studio nyingi ziliufuata baadaye. Kabla ya wachoraji kuanza, Miyazaki alichora ramani ya kila tukio, ikionyesha kamera ipo wapi, mtu anasimama wapi, meza ina ukubwa gani na dirisha liko upande upi. Alifanya hivyo kwa vipindi vyote 52, mamia ya michoro kila wiki. Kwa sababu hiyo nyumba ya babu yake Heidi haibadiliki kipindi hadi kipindi. Mtazamaji anaijua kama anavyojua nyumba ya jirani. Tamthilia hiyo ilitafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiarabu ikiwemo, na ukikutana na mtu wa Ghuba aliyekulia miaka ya themanini, mtajie Heidi uone atakavyochangamka.

Miaka iliyofuata aliongoza tamthilia ya Marco, mtoto wa Genoa anayevuka bahari kumtafuta mama yake huko Argentina (1976), na ya Anne, yatima mwenye maneno mengi wa Kanada (1979). Kisha mwaka 1985 ikaanzishwa Studio Ghibli kwa ajili ya filamu zake na za Miyazaki.

Kaburi la Vimulimuli

Tarehe 16 Aprili 1988 Ghibli ilitoa filamu mbili kwa tiketi moja. Ya kwanza ilikuwa ya Miyazaki, ya watoto na dubwana mpole wa msituni aitwaye Totoro. Ya pili ilikuwa ya Takahata, Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli. Nawahurumia wazazi walioingia siku ile bila kujua.

Kisa kimetoka katika hadithi fupi ya Akiyuki Nosaka iliyochapishwa 1967. Nosaka alinusurika mabomu ya Kobe, na mdogo wake wa kike alikufa kwa njaa mikononi mwake. Katika filamu, Seita ana miaka 14 na mdogo wake Setsuko ana minne. Mama yao anakufa kwa moto wa mabomu. Wanahamia kwa shangazi, wanashindwana naye, wanakwenda kuishi peke yao katika handaki kando ya bwawa. Tunajua mwisho tangu dakika ya kwanza, kwa sababu filamu inaanza na kifo cha Seita katika kituo cha treni cha Sannomiya, Septemba 1945. Kwa hiyo mtazamaji haangalii kama watapona. Anaangalia walivyoishi.

Na walivyoishi ndiko Takahata alikowekeza kila kitu. Setsuko anatikisa kopo la peremende kusikiliza kama zimebaki. Zikiisha, kaka yake anatia maji ndani ya kopo ili anywe ule utamu uliobaki. Mistari inayozunguka watu na vitu, ambayo kwa desturi huwa myeusi, hapa imechorwa kwa rangi ya hudhurungi, na nyuso zinapata ulaini ambao wino mweusi ungeuondoa.

Sauti ya Setsuko ilitolewa na mtoto mdogo hasa, si mtu mzima anayebana koo. Japani kawaida picha hutangulia, na mwigizaji husoma akifuata midomo inayoonekana kwenye kioo. Mtoto wa umri ule hawezi. Takahata akamrekodi kwanza, wachoraji wakaifuata sauti yake. Nimewahi kurekodi watoto wa umri huo, na najua uamuzi huo una maana gani. Ukimwambia mtoto aseme kwa huzuni, atakupa huzuni aliyoisikia kwa watu wazima. Ukimwacha azunguke studio, aulize ule waya ni wa nini, achoke, aombe maji, basi ile “nataka maji” yake ndiyo sauti unayoitafuta, na lazima mashine iwe imewashwa. Setsuko anaongea namna hiyo. Anasitasita mahali ambapo mwandishi hakuweka alama yoyote.

Wengi huiita filamu hii ya kupinga vita. Takahata hakukubaliana nao. Aliyekwisha kuona maiti za Okayama akiwa na miaka 9 hakuamini kwamba kumliza mtazamaji kunazuia vita. Alichotaka kionekane ni kijana anayejitenga na watu kwa kiburi na uchungu, akidhani atamlinda mdogo wake peke yake, na gharama ya kujitenga huko. Naona ni msimamo mgumu, na ni wa haki. Unamheshimu Seita kiasi cha kumhesabu kuwa mtu anayeamua mambo, wala si mhanga tu.

Nanasi la mwaka 1966

Filamu ninayoipenda kuliko zote ni Omohide Poro Poro ya mwaka 1991. Taeko, mwanamke wa miaka 27 anayefanya kazi ofisini Tokyo, anachukua likizo kwenda shambani Yamagata kuvuna benibana, maua yenye miiba yanayotoa rangi nyekundu ya vitambaa na vipodozi. Huvunwa alfajiri, umande ukiwa bado umelainisha miiba. Njiani anafuatwa na kumbukumbu za mwaka 1966, alipokuwa darasa la tano.

Kumbukumbu moja ni ya nanasi. Baba amelinunua zima, jambo geni wakati ule, na nyumbani hakuna anayejua linakatwaje. Linakaa siku kadhaa likisubiri mtaalamu. Hatimaye dada mkubwa anajifunza, familia inakaa mezani, kila mtu anapewa kipande kwa heshima zote. Wanaonja. Ni gumu, halina utamu. Mmoja mmoja wanakiacha, wanasema ndizi ni bora. Taeko peke yake anaendelea kutafuna, kwa sababu ndiye aliyelitamani.

Sisi ambao tunanunua mananasi ya Kiwangwa barabarani hatuoni jambo la ajabu katika tunda hilo. Ila tukio lile naliona kuwa miongoni mwa matukio makamilifu ya sinema. Hakuna aliyelia wala kugomba. Kilichopo ni ukimya wa meza nzima iliyokatishwa tamaa kwa pamoja, na mtoto anayekataa kukubali. Ni dakika chache tu, lakini ukimaliza unaijua familia hiyo.

Sauti za Taeko mkubwa na za kijana mkulima anayempokea zilirekodiwa kabla ya michoro, na nyuso za waigizaji zikatazamwa wakiongea. Ndiyo sababu wachoraji walithubutu kuchora misuli ya mashavu mtu anapocheka, mistari ambayo katuni huikwepa kwa sababu huwazeesha wasichana. Zile sehemu za utotoni zimechorwa kwa namna nyingine kabisa, kingo zikiwa nyeupe, rangi zimefifia. Filamu hii ya mwanamke anayefikiria maisha yake, isiyo na jini wala joka, ndiyo filamu ya Kijapani iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote nchini humo mwaka ule.

Gharama ya kungoja

Mwaka 1994 alitoa filamu ya tanuki, wanyama wa porini wanaofanana na mbwa wadogo, ambao katika ngano za Kijapani hujigeuza maumbo. Wanapigania vilima vya Tama, magharibi mwa Tokyo, vinavyochimbwa kujengwa mji. Mwaka 1999 ikaja ya familia ya Yamada, yenye mwonekano wa rangi ya maji iliyochorwa kwa mkono mwepesi. Ndiyo filamu ya kwanza ya Ghibli ambayo michoro yake yote ilipakwa rangi na kuunganishwa kwa kompyuta, maana wepesi ule ulihitaji michoro mingi zaidi. Haikuuza. Mwongozaji akakaa miaka 14 bila filamu ndefu nyingine.

Ndani ya kipindi hicho alifanya kazi ambayo Mwafrika anapaswa kuijua. Filamu ya Michel Ocelot kuhusu Kirikou, yule mtoto mdogo wa kijiji cha Afrika Magharibi anayemkabili mchawi Karaba, ililetwa Japani mwaka 2003. Aliyeitafsiri na kuwaongoza waigizaji wa sauti za Kijapani ni Takahata. Ocelot alikulia Guinea, na filamu yake haina haraka. Inamwacha mtu achote maji, atembee, afikiri. Sishangai kwamba Takahata aliichagua.

Kisha ikaja kazi ya mwisho, Kaguya, kutoka hadithi ya kale ya mkata mianzi anayemkuta mtoto wa kike ndani ya mwanzi. Iliwachukua miaka 8. Iligharimu takriban yeni bilioni 5, na wakati inatoka hakukuwa na filamu ya Kijapani iliyogharimu zaidi. Fedha zilitoka hasa kwa Seiichiro Ujiie, mwenyekiti wa Nippon Television, aliyempenda Takahata na hakujali kama zitarudi. Ujiie alifariki mwaka 2011, kabla haijaisha. Takeo Chii, aliyetoa sauti ya mkata mianzi, alirekodi 2011 na kufariki 2012. Mistari michache iliyobaki ikasomwa na Yuji Miyake. Kwa hiyo filamu ilipotoka, mzee anayeonekana akikimbia huku na huko kwa furaha ya kupata binti alisikika kwa sauti ya mtu asiyekuwepo tena. Ilitoka Novemba 2013, Takahata akiwa na miaka 78, na ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Fedha hazikurudi.

Si haki kusifu subira hiyo bila kutaja waliolipa. Toshio Suzuki, mtayarishaji wa Ghibli, amesema wazi kwamba Takahata aliwachosha vibaya watu aliofanya nao kazi. Mtu aliyeanza kazi akigombea saa za wafanyakazi alikuja kuwa mwongozaji ambaye saa hazikumtosha. Mimi ninayeongoza watu naliona hilo kama onyo, wala siwezi kulifunika kwa sababu filamu ni nzuri.

Alifariki Tokyo tarehe 5 Aprili 2018, akiwa na miaka 82, kwa saratani ya mapafu. Katika hafla ya kumuaga kwenye jumba la makumbusho la Ghibli, Miyazaki alisimulia walivyokutana mara ya kwanza kwenye kituo cha basi, mvua ikiwa imetoka kunyesha, miaka 55 nyuma.

Uanzie wapi

Anayetaka kuanza aanze na tanuki au na familia ya Yamada, akae na watoto. Kaguya inawafaa walio na umri wa kuelewa kwamba mzazi anaweza kumpenda mtoto na bado akamkosea. Omohide Poro Poro ni ya watu wazima waliochoka na kazi. Kaburi la Vimulimuli lisiwekwe mbele ya watoto wadogo ati kwa sababu ni katuni. Litazame wewe kwanza, usiku, kisha uamue.

Na kwa vijana wetu wanaojifunza fani hii, nasema hivi. Wanaochora vizuri wapo, na kompyuta zinazidi kushuka bei. Tulichopungukiwa ni mtu wa kukaa chini kutazama jinsi mama anavyopepeta mchele, kondakta anavyohesabu chenji akiwa ananing'inia mlangoni, mtoto anavyoshika kikombe cha chai ya moto kwa mkono wa shati, kisha arudi studio akatae mchoro wowote usiofanana na alichokiona. Hiyo nayo ni kazi, haina penseli, na inachukua muda mrefu. Anayeifanya anastahili mshahara kama mchoraji, na anayewaongoza wote wawili ajue saa ya kuwaruhusu waende nyumbani.